Doc Emrick: Msee Aliyetangaza Hoki ya Barafu Karibu Miaka 50

Hoki ya barafu huenda unaijua tu kupitia Ice Lions, wale vijana wetu wa Panari pale Mombasa Road. Lakini Marekani, ukitaja Mike "Doc" Emrick, kila shabiki anajua ni nani.

Alitoka wapi?
Alizaliwa 1946, akalelewa La Fontaine, kijiji kidogo cha Indiana. Desemba 1960, akiwa na miaka 14, wazazi walimpeleka Fort Wayne kuona mechi yake ya kwanza. Akachizi hapo hapo.

Alianza aje?
Chini kabisa. 1970 akiwa mwalimu wa chuo Pennsylvania, alijitolea kuandikia gazeti la mtaa stori za Pittsburgh Penguins bila kulipwa hata ndururu, bora tu aingie uwanjani. 1973 timu ya ligi ndogo, Port Huron Flags, ikampa maikrofoni. Vitabu hakuacha: 1976 alipata PhD, na hiyo "Doc" ikatoka hapo.

Alifika wapi?
Miaka ya 80 aliingia NHL, akatangazia Philadelphia Flyers na New Jersey Devils. Kwa Devils alirudi 1993, akakaa hadi 2011. NBC nayo ilimfanya sauti yake kuu ya hoki kuanzia 2005.

Saratani je?
1991 madaktari walimpata na saratani ya tezi dume. Alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kazini. Karibu miaka 30 ya utangazaji wake ilikuja baada ya hapo. Kama buda yako anakwepa kupimwa, mwonyeshe hii.

Siri yake ilikuwa gani?
Vitenzi. Paki, kile kidude cheusi wanachokimbizana nacho, kinaenda kasi na wewe kwa TV hukioni vizuri. Kusema "amepiga" kila saa kunachosha. Mechi moja ya Olimpiki ya Sochi 2014, shabiki alimhesabia vitenzi 153 tofauti. Si mchezo!

Aliacha lini?
Oktoba 2020, akiwa na miaka 74. Alikuwa ametangaza mechi zaidi ya 3,750 na fainali 22 za Kombe la Stanley. Za mwisho, sababu ya korona, alizitangazia nyumbani kwake Michigan, macho kwa skrini, na bado hukuskia akikosa neno.