Fundi wa Gitaa wa Mutomo na Neno Nililolisahau

Msomaji mmoja wa Kibwezi ameniandikia akitaka nimwamulie ugomvi wa nyumbani. Yeye husema “gitaa”, mwanawe husema “gita”, na mwalimu amemwandikia mtoto “gitari” kwa kalamu nyekundu. Jibu la haraka ni gitaa, ngeli ya LI-YA: gitaa limekatika uzi, magitaa yamekatika nyuzi. “Gita” utaisikia kila mahali na hata kuisoma vitabuni; si kosa la kumnyima mtoto alama. Hiyo kalamu nyekundu ingetafutiwa kazi nyingine.

Lakini chini kabisa ya barua, baada ya salamu za kufungia, msomaji huyo ameongeza swali la pili: “Na vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo ya gitaa, Profesa, vinaitwaje kwa Kiswahili?” Hili ndilo limenikosesha usingizi. Jibu lake nilipata kulijua nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kule Mutomo, kusini mwa Kitui. Kisha nikasoma sana, nikalisahau.

Tuanze na jina la ala yenyewe. Wagiriki walikuwa na kithara, Waarabu wakalifanya qitara, Wahispania wakalipata kutoka kwao na kusema guitarra, Waingereza wakalichukua, na sisi tukalipokea mikononi mwa Waingereza. Yaani neno limezunguka Ulaya nzima ndipo likatufikia, ilhali jirani zake walitujia moja kwa moja kwa jahazi. Udi, ala kuu ya taarabu, ni Kiarabu cha “mti” au “ubao”, na ndilo neno lile lile la udi wa kufukiza. Gambusi, chenye mwili uliochongwa katika kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi, ni qanbus ya Yemeni. Kinanda nacho kina kisa chake. Leo ukisema kinanda, mtu anafikiria kanisa na mpigaji aliyekaa kitini akibonyeza vidole, lakini katika kamusi za wamishenari wa karne ya 19 kinanda bado ni ala ya nyuzi. Wazungu walipoleta ala zao, neno lilihama likaacha nyuzi zake nyuma. Na zeze? Ukienda kwa Wagogo utaoneshwa ala ya kusuguliwa kwa uta mdogo. Ukirudi Pwani utaoneshwa ufito wenye kibuyu na uzi wa kudonolewa. Jina ni moja, ala ni mbili, na kila mmoja atakuapia kwamba la kwake ndilo zeze.

Haya yote ni mambo ya Pwani na Ugogoni, utasema, Mutomo yanaingiaje?

Yanaingia kwa uta. Kikamba na Kiswahili vyote vina neno hili, na si kwamba mmoja alimkopa mwenzake: wote wawili wamelirithi kutoka Kibantu cha kale sana. Kiswahili cha leo kimelisukuma pembeni na kupendelea upinde, ila kwetu uta ni uta. Wakamba walisifika kwa kuchonga nyuta na kupika sumu ya mishale, na mvulana aliyekulia upande wetu alijua mapema namna ya kuchagua mti unaopinda bila kuvunjika, na namna ya kusokota ukano wa ng’ombe uwe upote, kisha kuupaka nta ya nyuki. Tulipokuwa malishoni tulishika uta kwa meno na kuupiga upote kwa kijiti, tukibadili sauti kwa kupanua na kubana kinywa. Hakuna aliyetufundisha kwamba huo ni muziki. Ulikuwa mchezo wa kusukumia jua.

Ninasema hivi kwa sababu imezoeleka kueleza gitaa la Ukambani kama kitu kilichoteremka kwenye lori kutoka Nairobi. Lori lilikuwepo, sikatai. Vijana wengi wa Kikamba waliandikwa katika King’s African Rifles, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walifika hadi Burma. Kambini walikutana na magitaa na watu wa kuyapiga. Mwaka 1959 Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alikuwa amemrekodi mwaka 1952, alikuja akakaa Nairobi kwa miezi kadhaa. Mtindo wake wa kidole gumba na kidole cha shahada ulishikwa na vijana wengi waliomsikia redioni, na nyimbo zake za Kiswahili zilieleweka bila mkalimani. Baadaye ikaja benga, na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake wakaimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili hadi mauti yalipomchukua mwaka 1987. Hiyo ni historia ya wapigaji, na imeandikwa kiasi. Ya mafundi haijaandikwa. Hebu jiulize: gitaa lililoshuka kwenye lori likivunjika shingo, nani alilitibu?

Mutomo alikuwapo mmoja. Sitamtaja jina, kwa kuwa familia yake haikuniomba nimtangaze gazetini. Alikuwa amerudi kutoka jeshini na ufundi wa useremala, akitengeneza milango, viti, majeneza na, kwa watu wa nyuki, miatu ya kutundika mitini. Magitaa yalikuwa kazi ya jioni. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alinituma kwake na gitaa lililokuwa limepasuka ubao wa mbele, nami nikaendelea kurudi bila kutumwa. Aliniita “mwana wa mwalimu”, nami nilimwita mzee, kama kila mtoto.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake ni kwamba ufa ule haukutokana na mtu kuangusha gitaa. Magitaa mengi yalinunuliwa Mombasa na watu waliofanya kazi bandarini. Mbao za Mombasa zimeshiba unyevu. Zikipanda Mutomo, ambako kiangazi hukausha hata mate kinywani, mbao hupoteza maji na kusinyaa. Na kwa kuwa ubao wa gitaa umegundiwa pande zote, hauna pa kwendea, unapasuka. Mzee alisema gitaa la Mombasa likifika kwetu hulia usiku. Nilidhani ni maneno ya kutishia watoto, mpaka nikalisikia la kwetu likialika kwenye giza.

Tiba yake ilianza kwa subira. Hakuugusa ufa. Alilitundika gitaa ndani ya kibanda kando ya gunia lililoloweshwa na mtungi wa maji usio na kifuniko, siku nne au tano, hadi mbao ziliponywa na ufa ukajifunga wenyewe. Ndipo akatia gundi, na kwa ndani akabandika viraka vidogo vya ubao, nyuzi za mti zikikatiza ufa ili usirudi. Viraka hivyo vilikuwa vya mukau, mti wetu ambao mchwa huuogopa na ambao siku hizi KEFRI wanauhimiza upandwe kama zao la nyanda kavu. Daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, alilichonga kwa muvingo. Muvingo ni mpingo, ule ule ambao Ulaya hutengenezea klarineti na kuulipia fedha nyingi. Kwetu ulikuwa ukichomwa makaa. Daraja la muvingo halikuwa anasa: nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na mti laini ungenyanyuka na kung’oka.

Nyuzi za dukani zilikuwa hadithi. Alichukua waya wa breki ya baiskeli, akaufumua, uzi mmoja mmoja kwa sauti nyembamba, na kwa sauti nene akasokota kadhaa pamoja kama msusi wa kamba. (Ndiyo, najua, Mkamba na kamba, mzaha huo nimeusikia tangu chuo kikuu na bado sijamcheka aliyeuanzisha.)

Vile vyuma vya shingoni, anavyoviuliza msomaji wangu, alivitengeneza kwa waya wa shaba aliousawazisha kwa nyundo na kuupigilia ndani ya mfereji mwembamba. Aliyewahi kuona vigoda vya wazee wa Kikamba, vilivyopambwa kwa waya uliozamishwa ndani ya mti, atajua ufundi huo haukutoka kwenye lori lolote.

Na alikuwa na maneno. Gitaa lilikuwa na kichwa, shingo, tumbo na masikio. Masikio ni vile vishikio vya kukazia nyuzi, kwa kuwa huvisokota kama unavyosokota sikio la mtoto mtundu. Akizungumza na Mkamba mwenzake ilikuwa mutwe, ngingo, ivu na matu. Akija mteja wa kutoka Voi au Kibwezi, papo hapo anageuza Kiswahili, na ngingo na shingo hazijambo, ni ndugu. Nyuzi hakuzi-“tyuni”, alizipatanisha. Na kucheza gitaa kwa Kikamba ni kulikuna, kukuna kwetu kukiwa ni kupiga, ilhali Mswahili hukuna nazi au mwasho wa mgongo. Mzee aliona maana zote mbili zinafaa: wapo wanaopiga, alisema, na wapo wanaokwaruza.

Sasa aibu yangu. Miaka ya 1990 niliitwa kwenye kamati ya istilahi za sanaa, mahali ambapo si lazima kupataja. Tulikuwa wataalamu saba, chai na maandazi, na orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto wa karatasi. Tulipofika kwenye sehemu za gitaa hatukuwa na gitaa mezani, wala hakuna aliyeuliza fundi. Kwa vile vyuma tuliunda neno refu lililokuwa na “kigawa” mwanzoni na “sauti” mwishoni; tukapiga kura, likapita. Nami nilinyoosha mkono. Sijawahi kumsikia mtu akilitumia, na leo hii sina hakika kwamba ningeweza kuliandika bila kukosea.

Nilikuwa kwenye basi nikirudi nyumbani ndipo nikamkumbuka mzee, na kwamba alikuwa na neno lake kwa kitu hicho. Neno lenyewe halikuja. Nilikumbuka harufu ya gundi, nikakumbuka jinsi alivyoshika nyundo, lakini neno, wapi!

Ilinichukua mwaka na ushei kufunga safari. Barabara ya kutoka Kibwezi haikuwa na lami kama sasa, nami kila likizo nilipata kisingizio. Nilipofika nikaambiwa amefariki yapata miaka miwili iliyopita. Kibanda kilikuwa kimegeuzwa ghala la mahindi. Misumeno na randa zilikuwa zimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Mjane wake alinikaribisha, tukanywa chai, akaniuliza habari za mama yangu. Nilipomweleza shida yangu hakushangaa hata kidogo kwamba mtu mzima ametoka Nairobi kuja kutafuta neno. Aliingia ndani akatoka na kijiti bapa, chekundu kwa kushikwashikwa, chenye mikato kumi na tisa ya kisu. “Chukua,” akasema, “ni ngasi yake ya gitaa.”

Ngasi! Kikamba hakina z isipokuwa baada ya n, ni ngazi. Nililitambua kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Kijiti hicho kiko mezani ninapoandika. Ndicho alichotumia kupimia mahali pa kupigilia vyuma. Mwaka 1581, kule Italia, Vincenzo Galilei, baba wa yule mwanasayansi, aliandika kanuni ya kazi hii: gawa urefu wa uzi kwa 18, weka chuma cha kwanza, gawa urefu uliobaki kwa 18, weka cha pili, endelea. Ni kanuni nzuri ila ina kasoro. Kwa uzi wa sentimita 65, chuma cha 12, ambacho kinapaswa kuangukia nusu kamili, huangukia zaidi ya milimita mbili kabla ya nusu, na sikio linakasirika. Nimepima kijiti cha mzee kwa rula. Mkato wa 12 uko nusu kamili. Namkumbuka akichukua uzi wa katani, akiunyoosha gitaa zima, kisha akiukunja mara mbili kabla ya kugusa kisu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kibwezi, mimi ningesema ngazi. Shingo ya gitaa hili ina ngazi kumi na tisa. Bonyeza uzi nyuma ya ngazi ya tatu. Mtu yeyote anakuelewa, hata asiyewahi kushika gitaa. Kuna jambo moja tu linalonizuia kulipigia mhuri: mjane alikiita ngasi kijiti chenyewe, na inawezekana mzee aliita hivyo kijiti na vyuma pia, au mimi nimeliunganisha kwa sababu nilitamani. Wako watu Mutomo, Ikutha, Mutha na Kanziko waliopeleka magitaa kwake, au kwa mafundi wenzake, kabla ya miaka ya 1980. Kama wewe ni mmoja wao na unakumbuka alivyokuwa akisema, niandikie kupitia gazeti hili, kwa Kikamba au kwa Kiswahili.