Jumatatu ya Karani

Karani aliandika: Jumatatu, 8 Januari 1900. Programu yangu ya majedwali ikasema: Jumapili.

Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili ya historia, na daftari lake la forodha lilikuwa uti wa mgongo wa sura ya pili. Niliingiza tarehe zake zote kwenye jedwali, nikaiachia kompyuta itafute siku za juma. Januari nzima na Februari nzima, karani alipishana nayo kwa siku moja. Kuanzia Machi hakukosea hata mara moja. Basi nikaandika kwenye rasimu kwamba karani huyo, mwenyeji wa pwani aliyeajiriwa na Wajerumani, alikuwa bado hajaizoea kalenda ya Kizungu. Sentensi hiyo ilinipendeza. Msimamizi wangu naye hakuitilia shaka.

Miezi hiyohiyo nilikuwa najifunza kuandika programu. Katika mazoezi ya wanaoanza limo moja ambalo wengi hulipitia: ukipewa mwaka, sema kama ni mrefu, yaani kama Februari yake ina siku 29. Nikaona mteremko. Mwaka ukigawanyika kwa 4 bila baki, ni mrefu. 2024, sawa. 2023, sawa. 1900, jibu limekataliwa.

Nikaanza kubadilisha mistari kwa kubahatisha. Mdogo wangu, anayesomea kompyuta, akanizuia.

“Kaka, acha kuigusa kwanza. Chukua hiyo 1900, ipitishe kwa mkono, mstari kwa mstari.”

Nikaipitisha. 1900 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo programu ilijibu “mrefu” na kuishia hapo. Ilifanya nilichoiagiza. Aliyekosea ni mimi, tena katika jambo la kalenda, ambalo mwanahistoria hapaswi kulikosea.

Kanuni niliyoiandika ni ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK. Hata makuhani wa Roma waliokabidhiwa kanuni hiyo waliikosea. Waliposikia “kila mwaka wa nne”, waliuhesabu na ule mwaka wa kuanzia, wakawa wanaongeza siku kila baada ya miaka 3. Ilibidi Augusto asimamishe miaka mirefu kwa muda ili hesabu irudi sawa. Kuhesabu kimoja zaidi au kimoja pungufu ndilo kosa linalotusumbua sisi wanaoanza mpaka leo.

Kanuni yenyewe nayo ilikuwa na kasoro. Ilizidisha mwaka kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo zilijikusanya hata mwaka 1582 Papa Gregori XIII akaziondoa siku 10: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Tangu hapo, mwaka wa kufunga karne si mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu na 1900 haukuwa.

Nikaongeza sharti la 100 na la 400 chini ya lile la 4. 1900 ikakataliwa tena, kwa sababu programu ilikuwa inajibu kabla ya kuyafikia. Nikaupindua mpangilio: kwanza 400, kisha 100, mwisho 4. Majaribio yote yakapita.

Nilikuwa bado natabasamu nilipolikumbuka daftari.

Nikalifungua jedwali na kushuka hadi mwisho wa Februari. Nikaandika 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo. Programu ikaipokea bila kusita. Kosa hilo lina historia yake: Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1983, iliuhesabu 1900 kuwa mrefu, na programu zilizokuja baadaye zililirithi kosa hilo kwa makusudi ili tarehe za mafaili ya zamani zisivurugike. Kuanzia Machi 1900 siku za juma ziko sawa. Kabla ya hapo, siku hiyo ya kubuni inazisukuma zote nyuma kwa siku moja.

Nikahesabu kwa mkono, kama mdogo wangu alivyonifundisha. Tarehe 8 Januari 1900 ilikuwa Jumatatu.

Karani hakuwa amekosea hata siku moja. Alikuwa na daftari, wino na kalenda ya ukutani, na aliandika alichokiona. Mimi nilikuwa na kompyuta, na tarehe zilipopishana sikujiuliza mara mbili nimwamini nani. Dalili ilikuwa mbele yangu: mtu asiyeijua kalenda hawezi kukosea kwa siku ileile moja kila siku kwa miezi miwili, kisha akaamka tarehe 1 Machi akiwa ameijua yote.

Niliifuta sentensi ile, nikamwandikia msimamizi kumweleza sababu. Kisha nikaanza kuipitia sura nzima upya, nikitafuta kila mahali nilipoandika kwamba fulani “alikosea”. Nilizikuta nyingine 3.