Kiholanzi cha Dukani: Mwanafunzi wa Ukambani na Lugha ya Nne

Mwanafunzi atokaye Wote, mji ulio makao makuu ya Makueni, hafiki chuo kikuu akiwa na lugha moja. Kikamba amekinyonya kwa mama yake. Kiswahili amekipata sokoni na darasani, hasa tangu mwaka 1985 kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za Kenya. Kiingereza nacho ndicho kilichomfikisha alipo. Mtu wa namna hiyo akienda Uholanzi kusomea elimu ya maji, udongo au upimaji wa ardhi, mambo ambayo nchi kame ya Ukambani inayahitaji mno, hukuta kwamba masomo yenyewe yanafundishwa kwa Kiingereza. Darasani, basi, hana shida ya lugha. Shida humngoja nje ya mlango: kwa mwuza mkate, kwa dereva wa basi, kwa daktari, na kwa jirani amsalimuye ngazini. Kiholanzi kwake ni lugha ya nne, tena ni lugha asiyotahiniwa.

Hali hiyo haikuzuka kwa bahati. Uholanzi ilipoondokewa na Indonesia mwaka 1949, ilibaki na wataalamu wengi wa nchi za joto wasio na nchi ya joto ya kuifanyia kazi. Haukupita muda mrefu zikaanza kuundwa taasisi za kuwafundisha wageni: ile ya upimaji kwa picha za angani, ITC, iliyoanzishwa Delft mwaka 1950 na kuhamia Enschede mwaka 1971, ile ya taaluma za jamii iliyofunguliwa The Hague mwaka 1952, na ile ya uhandisi wa maji, IHE, iliyoanza Delft mwaka 1957. Zote zilichagua Kiingereza, kwa kuwa mwanafunzi alitazamiwa kukaa miezi kadha au mwaka mmoja au miwili, kisha arudi kwao. Baada ya uhuru wa 1963 Wakenya nao wakawamo. Mwafrika aliyekwenda Paris au Lisbon miaka hiyohiyo alilazimika kuijua lugha ya huko kabla ya kuingia darasani. Aliyekwenda Delft aliambiwa asijisumbue. Wenye lugha ndio walioitoa lugha yao darasani.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili chenyewe hakikuwahi kumtambua Mholanzi kwa makini. Neno Mdachi, lenye asili moja na majina ambayo Wajerumani na Waingereza hutumia kwa lugha hizi mbili za jirani, pwani lilimwangukia Mjerumani. Mholanzi akapewa jina lililopitia kwa Mreno. Makaburu waliotoka Transvaal na kufika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 walisema lugha iliyozaliwa na Kiholanzi, lakini walichokiacha katika Kiswahili ni hilo jina lao, kaburu, ambalo baadaye liligeuka kuwa jina la utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini. Kwa lugha iliyopokea maneno kutoka kila jahazi lililotia nanga, hayo ni mapokezi haba.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ya nchi zisemazo Kiswahili ambako Kiholanzi kiliwahi kuwa lugha ya sheria, nayo ni mashariki ya Kongo. Hapo ndipo yanapoonekana matokeo ya njia nyingine, ile ya kumpa mtu lugha kwa amri. Katiba ya ukoloni ambayo Ubelgiji iliipitisha mwaka 1908, ilipoitwaa Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold II, iliagiza kwamba amri na kanuni zote za jumla zitungwe na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi, na kwamba katika muda wa miaka mitano Wabelgiji walioko Kongo wapate haki za lugha zilizo sawa na zile za kwao. Miaka mitano ilipita, ikapita na mingine mingi. Ofisi, mahakama, migodi na shule za Katanga na Kivu ziliendelea na Kifaransa, huku wafanyakazi wakizungumza Kiswahili wao kwa wao na kwa wasimamizi wao. Wamisionari wa Kiflemi, ambao Kiholanzi kilikuwa lugha ya mama zao, walijifunza Kiswahili. Waumini wao hawakujifunza Kiholanzi. Hapakuwa na la ajabu katika hilo. Padri alihitaji kuungamisha watu, naye mwumini hakuwa na haja yoyote ambayo Kiholanzi kingemtimizia.

Jambo hilo lilikuja kuwa ugomvi katika miaka ya 1950, wakati elimu ya juu ilipoanza. Chuo Kikuu cha Lovanium, mtoto wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, kilifunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954. Cha serikali kikaanza Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1956. Wanaharakati wa Kiflemi walidai kwamba ahadi ya 1908 itimizwe na Kiholanzi kipewe nafasi yake katika elimu ya makoloni. Wasomi wa Kikongo walikataa. Walikuwa wamekwisha kulipa gharama kubwa kukipata Kifaransa, ambacho ndicho kilichokuwa mlango wa kazi na wa heshima, na sasa waliambiwa walipe mara ya pili ili kumaliza ugomvi wa Wabelgiji wenyewe kwa wenyewe. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Kiholanzi kilitoka katika utawala wa Kongo bila ya mtu wa nchi kukililia.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuwahukumu Waflemi kwa upande mmoja tu. Hao walikuwa watu ambao lugha yao ilidharauliwa nyumbani. Chuo Kikuu cha Ghent kilianza kufundisha kwa Kiholanzi kikamilifu mwaka 1930 tu, na Leuven yenyewe ilipasuka mwaka 1968 kwa ajili ya lugha. Baadhi yao walipata katika machungu hayo sababu ya kuzitetea lugha za Afrika. Jarida la Kongo-Overzee, lililotoka kuanzia 1934 hadi 1959, lilichapisha kwa Kiholanzi tafiti nyingi za lugha za Kibantu, na hata leo mwanaisimu azitakaye hana budi kujua Kiholanzi kiasi cha kusoma. Wanaisimu wachache wamejifunza lugha hiyo kwa njia hiyo ya nyuma, wakaweza kusoma maelezo ya toni na wasiweze kununua jibini.

Mwanafunzi wa Wote yuko kinyume chao: anahitaji jibini kwanza. Kwa watu wa aina yake, yaani wageni waliokwisha soma na wasio na muda, chuo cha ufundi cha Delft kilitunga mafunzo yaliyokuja kujulikana kwa jina la mji huo. Kitabu chake cha kwanza, kilichoandikwa na Montens na Sciarone, kilitoka mwaka 1984. Hakikuanza na kanuni za sarufi, bali na matini fupi juu ya maisha ya kila siku, ambazo mwanafunzi alizisoma na kuzisikiliza nyumbani mpaka maneno yakamkaa, ndipo aje darasani kusema. Walengwa wake hasa walikuwa wale waliotaka kuingia chuoni kusoma kwa Kiholanzi. Wale wa masomo ya Kiingereza waliokota walichoweza jioni, baada ya kazi.

Wanachokiokota ni kigumu hapa na chepesi pale, wala si pale ambapo mtu angetazamia. Sauti ya kwanza ya salamu ya asubuhi, goedemorgen, iko karibu na ile kh ya kheri kama wanavyoitamka watu wa Mombasa na Lamu. Msemaji wa bara aliyezoea heri hana budi kuitafuta kooni. Lakini Mkamba ana akiba yake: lugha yake ina irabu saba, nazo huwa fupi au ndefu kwa maana tofauti. Kwa hiyo sikio lake halishangai kusikia kwamba man ni mwanamume na maan ni mwezi wa mbinguni, ilhali aliyelelewa na irabu tano za Kiswahili huchelewa kuona tofauti.

Hesabu huleta taabu ya namna nyingine. Mholanzi husema tano na ishirini, si ishirini na tano. Ndivyo asemavyo Mwarabu pia, na ni ajabu kidogo kwamba Waswahili walichukua ishirini kwa Mwarabu wakauacha mpangilio wake, wakabaki na ule wa Kibantu wa kutanguliza kubwa. Saa ndiyo yenye hasara zaidi. Half negen, neno kwa neno nusu ya tisa, ni saa mbili u nusu ya Kiswahili: nusu ya Mholanzi huitazama saa inayokuja, nusu ya Mswahili huitazama iliyopita. Mkenya anayeitafsiri kwa mazoea ya Kiingereza hufika kwa daktari saa nzima baada ya miadi.

Chepesi kuliko vyote, na hapo vitabu vya mafunzo havimsaidii kwa sababu havikumfikiria, ni udogo. Dukani mwuzaji humwuliza kama anataka bonnetje, yaani ile karatasi ndogo ya malipo. Mholanzi hutia tamati ya udogo katika nusu ya vitu anavyovigusa, kwa upole zaidi kuliko kwa kipimo. Tena neno likipata tamati hiyo hubadili ngeli. Mbwa mdogo ni een kleine hond. Akiwa kijibwa huwa een klein hondje, na kivumishi hupoteza irabu yake ya mwisho kwa kufuata upatanisho mpya. Mwingereza hukariri hilo kama kanuni ya ajabu. Anayejua mbwa mdogo na kijibwa kidogo, au anayesema kana kwa mtoto mchanga na twana kwa wingi wake, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kizuizi kikubwa, basi, hakimo katika sarufi. Mwanafunzi akikosea sauti moja, Mholanzi humjibu papo hapo kwa Kiingereza, kwa ukarimu kabisa, na somo likaishia hapo. Kiingereza kile kilichomfungulia darasa humfungia ngazi na duka. Anaweza kukaa miaka miwili Enschede, akapata shahada yake, asiwahi kusikia jirani zake wanaongea nini. Wenyeji nao wameanza kuiona kasoro hiyo, ingawa kwa sababu zao: mwaka 2024 serikali ya Uholanzi ilipeleka bungeni mswada wa kupunguza Kiingereza katika masomo ya shahada ya kwanza na kuvitaka vyuo vikuze Kiholanzi cha wanafunzi, wageni pia.

Safari huwa ya pande mbili. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia katika mito ya msimu ya Kitui yamewavuta watafiti wa maji kutoka Amsterdam na kwingineko, na wengine wao ni wanafunzi. Mgeni huyo hufika kijijini akiwa na Kiingereza chake, na mwenye busara huanza na salamu, na hesabu, na neno la maji, kiw'u. Naye aghalabu hujibiwa kwa Kiingereza.