Dhima ya mwenye duka kwa mteja aliyeumia

Dhima ya mwenye duka ni wajibu wa kisheria wa anayeendesha duka kumlipa fidia mteja aliyeumia humo kwa uzembe wake au wa watumishi wake. Nchini Kenya wajibu huo umo katika Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Swali la kwanza si nani mwenye hati ya jengo, bali nani analidhibiti. Mpangaji anayepanga rafu na kuajiri wafagizi hujibu kwa sakafu yake. Mwenye jengo hujibu kwa ngazi, lifti na maegesho aliyobaki akiyasimamia.

Chimbuko

Msingi uliwekwa Uingereza mwaka 1866 katika kesi ya Indermaur dhidi ya Dames, iliyohusu fundi wa gesi aliyetumbukia shimoni kiwandani. Sheria ya 1957 ilileta wajibu mmoja wa uangalifu kwa wageni wote halali.

Kesi ya mtindi

Kesi inayotajwa zaidi ni ile ya Tesco iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975. Mteja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika sakafuni katika duka la Liverpool. Sakafu ilifagiliwa mara tano au sita kwa siku, na wafanyakazi walikuwa na agizo kwamba anayeona kitu kimemwagika asimame hapo hadi kifutwe. Hata hivyo, wiki tatu baadaye mteja huyo aliona kinywaji cha machungwa kimemwagika dukani humo kikakaa kama robo saa bila kuguswa. Majaji wawili kati ya watatu waliona kwamba ajali ya namna hiyo kwa kawaida haitokei pale sakafu inapotunzwa, hivyo duka ndilo lilipaswa kueleza. Fidia ilikuwa pauni 137.50, kiasi kidogo kwa kanuni nzito kama hii.

Jaji wa tatu alipinga: mtindi ungeweza kumwagika dakika moja tu kabla, na hakuna utaratibu ambao ungewahi kuuzuia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifuti swali la nani anayejua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mteja aliyelala chini na nyonga imeteguka hana daftari la usafi, zamu za wafagizi wala picha za kamera. Mwenye duka anavyo vyote. Kumdai maelezo si kumhukumu. Akionyesha kwamba alifagia na kukagua ipasavyo, anashinda.

Pingamizi

Wapo wanaosema mteja aangalie anapokanyaga. Ni kweli, na sheria imekwisha kulizingatia hilo: Sura ya 26 ya Kenya huruhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa aliyeumia. Lakini bidhaa hupangwa usawa wa macho ili zivutie, na si haki kumlaumu mtu kikamilifu kwa kutazama kile alichoitwa akitazame. Kuhusu watoto, sheria inamtaka mwenye duka atarajie kuwa hawatakuwa waangalifu kama watu wazima.

Wengine hutegemea kibao. Onyo humwokoa mwenye duka iwapo tu linatosha kumfanya mteja awe salama. Kibao cha mlangoni hakisemi lolote kuhusu mafuta yaliyomwagika kwenye rafu za ndani. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1977, ikapiga marufuku biashara kujivua kwa tangazo dhima ya kifo au majeraha yanayotokana na uzembe.

Hali ya sasa

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inatambua haki ya mlaji kulindwa afya na usalama wake. Hata hivyo kuanguka peke yake si ushahidi wa uzembe. Aliyeumia aripoti papo hapo, apige picha, achukue namba za mashahidi na atunze karatasi za hospitali. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, Kenya na Tanzania Bara vilevile.