Sivi Jointi: Kasi Isiyobadilika au Kasi Sawa?

Gari dogo likikata kona kali, likaanza kulia ka-ka-ka kwenye gurudumu la mbele, fundi wa Tunduma au wa Mkwajuni atataja sivi jointi kabla hata hajainama kuchungulia. Mara nyingi atakuwa amepatia. Ila jina lenyewe halimwambii mwenye gari chochote: ni herufi mbili za Kiingereza, CV, zilizogandishwa kwenye neno "jointi", na jointi chini ya gari ziko nyingi. Kuna bolijointi, kuna krosi ya propela, kuna sivi jointi ya nje na ya ndani. Kwa mtu wa Saza, anayeagiza spea kwa simu kutoka Mbeya au Tunduma, kusema tu "jointi imekufa" ni kujitafutia nauli ya pili.

Tafsiri inayokuja haraka ni "kiungo cha kasi isiyobadilika". Inafuata Kiingereza, "constant velocity joint", neno kwa neno, na ndiyo maana inapotosha. Gari huongeza mwendo, hupunguza, husimama. Sasa kasi gani hiyo isiyobadilika? Jibu liko kwenye tatizo ambalo kifaa hiki kilibuniwa kulitatua.

Kiungo cha zamani zaidi ni kile cha msalaba, yaani krosi, ambacho hadi leo kiko kwenye propela za malori. Shafti mbili zikinyooka, hakina shida. Zikipinda, shafti inayosukuma huzunguka vizuri, lakini inayosukumwa huchelewa kisha huwahi, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikifika nyuzi 30, kasi ya shafti ya pili hushuka hadi karibu asilimia 87 ya kasi ya ile ya kwanza, kisha hupanda hadi karibu asilimia 115. Kwenye propela pembe ni ndogo, na krosi mbili zikipangwa vizuri hufutiana kasoro. Kwa kiungo hicho, gurudumu la mbele linalovuta gari na wakati huohuo kupinda lingetetemeka, na usukani ungempiga dereva mikononi.

Katika miaka ya 1920 Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford nchini Marekani, alikuja na dawa: gololi sita za chuma zinazotembea kwenye mifereji, zikishikiliwa na kizimba. Shafti zikipinda, kizimba huziweka gololi katikati kabisa ya pembe, kwa hiyo shafti hizo mbili huzunguka pamoja bila moja kuchelewa. Kifaa cha aina hii kilienea zaidi kwenye magari madogo baada ya Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959. Leo kimo kwenye IST na magari mengine mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

Basi kinacholindwa ni usawa wa kasi ya upande mmoja na wa pili. Gari likienda mbio, pande zote mbili huenda mbio. Likipunguza, zote hupunguza. Ndiyo sababu napendekeza "kiungo cha kasi sawa". Neno "sawa" humlazimisha msomaji kuuliza: sawa na nini? Hapo ameshaanza kukielewa kifaa. Wajerumani nao walipokipa jina walishika wazo hilohilo la kwenda sawa. Sivi jointi ibaki gereji. Istilahi ikae kwenye vitabu vya ufundi na kwenye maelezo ya mteja.

Maana hiyo inasaidia pia kutafuta ubovu. Kiungo hiki hufanya kazi ngumu zaidi gari linapovuta huku gurudumu limepinda. Tafuta uwanja, kunja usukani hadi mwisho, zunguka polepole ukikanyaga mafuta kidogo. Mlio ukifuata mwendo wa gurudumu, na kuzidi kwenye kona ya kulia, anza na kiungo cha nje cha kushoto. Kona ya kushoto, anza na cha kulia. Gari likitetemeka unapoongeza mwendo kwenye njia iliyonyooka, shuku kiungo cha ndani. Mlio ukitoka gari limesimama na wewe unageuza usukani tu, kagua bolijointi na sehemu ya juu ya shokapu. Kabla ya yote, kaza nati za magurudumu. Na Hiace inayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma usiitafutie sivi jointi mbele: haina.

Chanzo kikubwa cha ubovu ni mpira wa kiungo kupasuka. Dalili yake ni grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu. Saza iko kwenye machimbo ya Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, na vumbi lake lina chembe ngumu za mawe. Likiingia kwenye grisi, kiungo hugeuka karasha dogo: gololi zinasaga, ila kinachosagika ni mifereji yake yenyewe.

Mpira ukipasuka na mlio haujaanza, fundi afungue, asafishe kabisa, aweke grisi nyeusi ya molibdeni, mpira mpya na vibano vipya. Mlio ukishaanza, mifereji imelika. Grisi itauficha kwa muda tu. Badilisha kiungo, au shafti nzima ikiwa na cha ndani kimechoka. Gari likae juu ya stendi, lisitegemee jeki peke yake, na nati ya kati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Unapopiga simu dukani taja aina na mwaka wa gari, upande, nje au ndani, idadi ya meno ya ndani na ya nje, na kama kiungo kina ringi ya ABS. Kama cha zamani kimeshafunguliwa, hesabu meno hayo mwenyewe kabla hujatuma hela.