Mipango ya Ardhi na Maafa: Funzo la Bonde la Msimbazi

Nakapanya, mkoani Ruvuma, iko kwenye barabara ya lami itokayo Mangaka kwenda Tunduru. Barabara huvuta maduka, na maduka huvuta nyumba. Kwa hiyo makada wa vijijini hawana budi kuisoma historia ya Dar es Salaam.

Wakoloni wa Kijerumani walianza kuugawa mji huo kwa amri ya ujenzi ya mwaka 1891. Waingereza waliuendeleza mgawanyo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia maradhi yasiwafikie wakubwa. Tangu mwanzo, basi, kanuni za mipango miji zilikuwa kinga. Lakini zilimkinga nani?

Baada ya Uhuru mji ulikua upesi kuliko upimaji wa viwanja. Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliofika Sinza na Kijitonyama, ulisaidia, lakini haukutosha. Mnyonge aliyekosa kiwanja karibu na kazi alijenga katika bonde la Msimbazi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi ya hatari. Katazo likawepo, kiwanja mbadala hakikuwepo.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Ndipo waathirika walipopewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao. Wako waliorudi bondeni. Desemba 2015 tingatinga zilibomoa nyumba humo.

Tuutazame mfuatano huo: katazo kwanza, maafa yakafuata, kiwanja kikaja baada ya maziko. Mvua ni ya maumbile. Lakini nani alale bondeni ni jambo linaloamuliwa na ugawaji wa ardhi. Kanuni inayokataza bila kugawa humwacha mnyonge palepale pa hatari, kisha humwita mvunja sheria.

Katika vijiji vinavyogeuka miji, mfuatano huo unaweza kupinduliwa. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba mikondo ya maji inatengwa mapema, na kwamba siku hiyohiyo viwanja salama vinagawiwa, asiye na kitu akiwa wa kwanza.