Kisahani cha shaba kinachoamua ubora wa gia

FUNDI anayetaka kuchonga gia za saa katika karakana ndogo hana budi kutengeneza kwanza kisahani cha kugawia duara.

Kisahani hicho hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambayo hutoboka kwa urahisi na haishiki kutu kama chuma.

Kwa bikari, fundi huchora maduara yenye kitovu kimoja, kisha hutoboa kwa keekee matundu yaliyoachana sawasawa: 60 kwenye duara moja, 72 kwenye jingine na 96 kwenye la tatu.

Kisahani na gia ambayo haijachongwa hufungwa kwenye mhimili mmoja. Pini ya chuma huingizwa tunduni ili mhimili usizunguke kisu kinapokata. Kisha mhimili husogezwa hadi tundu linalofuata. Kwa gia ya meno 60, kila hatua ni nyuzi 6.

Tundu likipotoka, kila gia itakayokatwa hurithi kasoro hiyo, na saa huweza kukwama. Ndiyo sababu kisahani hufanywa kipana kuliko gia. Kosa la nusu milimita kwenye kisahani cha sentimita 30 hupungua hadi sehemu ya kumi ya milimita kwenye gia ya sentimita 6.

Kanuni hiyo ya upana ilifaa pia vyombo vya mabaharia. Katika miaka ya 1770, Jesse Ramsden wa London aliunda mashine ya kugawa nyuzi za vyombo hivyo, yenye gurudumu kubwa la meno 2,160.